Kichwa cha Mzee Kiswaga

"Kichwa hukodiwa, akili haikodiwi." Mmemsikia fundi akimsuta mwenzake kwa maneno hayo, mkacheka, mkadhani ni mzaha wa gereji. Si mzaha hata kidogo! Methali hii ilianza hivi, tena hapa hapa Makambako, na nusura ianze kwa msiba. Sogeeni basi. Na wewe Sekela, zima hiyo simu.

Kwanza mjue kichwa ni nini, maana naona wengine mnajishika vyenu. Semi, lile lori refu la mizigo, lina vipande viwili. Nyuma kuna tela, linalobeba mzigo. Mbele kuna kichwa, chenye injini na usukani. Tela bila kichwa ni banda tu.

Gwamaka alikuwa dereva wa kuajiriwa tangu ndevu zinachomoza. Tajiri akisema lala, analala. Akisema washa, anawasha. Basi siku Mzee Kiswaga alipokubali kumkodisha kichwa chake chekundu, Gwamaka hakutembea kurudi nyumbani, alikimbia! Masharti yalikuwa wazi: mzigo ajitafutie, mafuta yake, matengenezo yake, na kodi alipe kila mwezi. Akimaliza miaka waliyopatana, kichwa kinakuwa mali yake. Lakini mwezi wa kwanza ukiisha bila mzigo, kichwa kinarudi kwa mwenyewe, naye anarudi kuamrishwa.

"Kuanzia leo bosi ni mimi!" alimwambia mkewe, Atupele. "Mke wa bosi, nipe chai."

"Bosi, sukari imeisha," Atupele akamjibu.

Bosi gani sasa! Mazoea yana taabu, wanangu. Mtu aliyezoea kuamrishwa, ukimwondolea tajiri mmoja anajitafutia kumi. Huyu alimwambia atundike mapazia yenye pindo, akatundika mpaka kioo cha pembeni hakionekani. Yule alimwambia aende Mbeya, mzigo uko huko. Akaenda, kumbe mzigo ulikuwa Songea. Mwezi ukayoyoma, na Mzee Kiswaga akaanza kuuliza habari za ufunguo wake.

Ndipo ikaja habari iliyomwamsha Gwamaka kitandani. Mama Sanga, mwenye ghala la maparachichi, alikuwa na tela lililokwisha kupakiwa, na kichwa alichokitegemea kimekufa njiani. Parachichi halimsubiri mtu. Mama akatangaza kwamba atakayetangulia kulitoa tela lile getini, ndiye atakayembebea msimu mzima. Msimu mzima! Gwamaka akavaa shati ndani nje, akaruka garini. Mzee Kiswaga naye akapanda kando yake, kwani kodi ni yake na alitaka kuiona ikianza kuja.

Walifika wa kwanza. Gwamaka akarudi nyuma polepole, kichwa kikaingia chini ya tela, pini ya tela ikaelekea kwenye kufuli, ule mdomo wa chuma wa kichwa unaoibana. Akaunga mipira ya upepo wa breki, akapandisha miguu ya tela, akarudi kwenye usukani. Vibarua wa ghala walikuwa wamejaa uani wakipiga miluzi na vigelegele. Mara honi ikalia nje. Kichwa kingine, cheupe, kinakata kona kuja getini!

"Ondoka!" vibarua wakapiga kelele. "Ondoka, baba, ondoka!"

Gwamaka aliwasha, lakini hakuondoka.

"Unangoja nini?" akafoka Mzee Kiswaga.

"Mzee, kufuli likishika hulia kaa! Hili limelia pu. Ngoja niangalie."

"Uangalie nini? Kichwa changu mwenyewe hiki! Nimekiendesha kabla wewe hujaoa. Kimeshika. Kanyaga mafuta!"

Na mguu ukainuka, jamani. Ukainuka wenyewe, maana ulikuwa umezoea sauti ya tajiri. Lakini Gwamaka akasukuma pazia kando, akatupa jicho kwenye kioo, akawaona kina mama wanaochambua maparachichi wakitembea ubavuni mwa tela, wakilipigapiga kwa furaha. Tela lisiloshikwa likichomoka, linaangukia pua na mzigo wote juu. Akazima injini.

"Umezima?" Mzee Kiswaga hakuamini. "Tunanyang'anywa mzigo, wewe unazima! Nani amekukodisha kichwa hiki?"

"Ni wewe, baba," Gwamaka akasema. "Ulinikodisha kichwa. Akili hukunikodisha, nimekuja na yangu."

"Loo!" wakasema vibarua.

Akashuka, akajitosa chini ya gari. Bonge la udongo mkavu lilikuwa limeziba mdomo wa kufuli, na pini imeegama juu yake tu, haijaingia. Akamwita Mama Sanga aje aone. Mama akainama na kitenge chake, akachungulia, akashika mdomo.

"Mungu wangu! Na watu wangu wamesimama hapa?"

Dereva wa kichwa cheupe alikuwa keshaingia, anapiga honi apishwe. Mama Sanga akasimama, akajikung'uta magoti.

"Geuza, kaka," akamwambia. "Mtu wa kubeba maparachichi yangu yuko chini ya gari."

Hapo vigelegele vilivyopigwa, msiulize! Gwamaka akang'oa udongo, akateremsha miguu ya tela, akajaribu upya. Kaa! Uwanja mzima ukasikia. Akavuta kidogo kulijaribu, tela likang'ang'ania. Akatoka getini honi ikilia mpaka watu wa sokoni wakadhani bibi harusi anapita. Mzee Kiswaga alikunja mikono, akanuna kutoka Makambako mpaka Mafinga.

Watu walidhani atamnyang'anya kichwa kwa kumjibu vile mbele za watu. Hakumnyang'anya. Baadaye kijana mwingine, Lusajo, alikuja kukodi kichwa chake cha pili, heshima imemzidi, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee. Niko tayari. Utakuwa unanipigia simu kuniambia saa ya kuondoka na njia ya kupita?"

"Marahaba." Mzee Kiswaga akamwekea ufunguo kiganjani, akamfumba vidole. "Mimi? Nilitaka kuua watu kwa kuamrisha. Sikiliza, mwanangu: kichwa hukodiwa, akili haikodiwi."