Tiketi Moja ya Kwezi

Hadithi hii haina zimwi wala sungura. Ina watu watatu na ndege moja, na hiyo ndege, kwa sehemu kubwa ya hadithi, haipo. Kaeni vizuri, maana mwishoni mtaulizwa.

Tunamkuta Hamimu Bilali uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, amesimama mbele ya kaunta, mkono mmoja kiunoni, mwingine hewani, anahutubia.

"Binti yangu, mimi nimekwama na meli katikati ya Ziwa Tanganyika. Nimelala Tunduma juu ya lori la vitunguu. Nimetoka Kasulu hadi Kibondo na pikipiki isiyo na breki. Kote huko nilichelewa, lakini hakuna aliyenifanya mjinga kama nyinyi! Mmetuanika Kigoma tangu asubuhi kwa soda na biskuti ya kugawana. Tumefika ukweni watu wameshakunja jamvi. Tumetozwa faini, binti yangu! Mtu mzima mimi, natozwa faini kama mtoto aliyevunja kioo! Nataka fidia!"

Foleni nzima ikapiga makofi. Mama mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Binti wa kaunta alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akanyoosha kidole juu ya kichwa chake, palipokuwa na maandishi makubwa ambayo kila mtu alikuwa ameyaona isipokuwa Hamimu.

"Pole sana, baba. Lakini hapa tunauza bima ya mizigo. Watu wa ndege za Kwezi wako kule, ukishapita choo."

Makofi yakageuka vicheko. Hamimu akashusha mkono, akautazama kama vile ni wa mtu mwingine, akasema, "Basi nilikuwa napasha moto," akaelekea upande wa choo. Wenzake wawili wakamfuata kwa mbali kidogo, kama watu wasiomjua.

Sasa niwajulishe hao watatu, maana kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Hamimu alikuwa na mdomo. Hakuna mlango uliowahi kufungwa akiwa bado anaongea. Kwa ajili ya mdomo huo watu wa Ujiji walimfanya mshenga, na kwa ajili ya mdomo huo huo posa zote alizopeleka kabla ya hii zilivunjika. Alikuwa hajui kunyamaza palipohitaji kunyamazwa. Mwenyewe alisema, "Mimi nimeoza ndoa nyingi kabla hazijaiva."

Bi Mwamini, shangazi wa bwana harusi, alikuwa na kukaa. Mnacheka, lakini kukaa ni kipaji. Akishaketi mahali, ameketi. Msibani ndiye wa mwisho kuondoka, na wafiwa huanza kumwomba akapumzike kwake ili na wao wapumzike.

Ntahondi, rafiki wa marehemu baba wa bwana harusi, alikuwa na swali. Siyo maswali, swali. Akikuuliza jambo ukajibu nusu, hukasiriki naye wala hakasiriki nawe. Anatabasamu, anakuuliza tena lile lile kwa upole, mpaka unajikuta umemwambia na yale uliyomficha mkeo.

Hawa watatu ndio waliotumwa kutoka Ujiji kwenda Mbagala kumposea bwana harusi, Yasini, binti wa Mzee Kondo Pazi. Siku ya kukata tiketi Hamimu aliiambia ofisi ya Kwezi, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Usituandike mmoja mmoja! Ujumbe wa posa ni mtu mmoja. Tunasema kwa mdomo mmoja, tunakaa kiti kimoja. Andika kundi." Wakaandikwa kundi. Hilo likumbukeni.

Safari yenyewe mmeshaisikia kwenye kaunta ya bima. Yaliyobaki ni ya ukweni. Mzee Kondo aliwaagizia wafike saa nne asubuhi. Walipoingia uani kwake, alasiri ilikuwa imeshapita, sufuria za pilau zimeshasuguliwa, na wazee wa upande wa bibi harusi wameketi wanachokonoa meno kwa utulivu wa watu wanaojua kwamba haki iko upande wao.

"Kwetu anayechelewa posa anatoa beberu," akasema Mzee Kondo.

"Mkwe wangu," Hamimu akaanza, "ndege..."

"Mimi sikuposwa na ndege. Beberu."

"Lakini mkwe, hebu nikueleze, pale Kigoma..."

"Na jogoo, kwa kujitetea."

Bi Mwamini akamfinya Hamimu paja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ushenga akanyamaza. Posa ikakubaliwa. Wakati wa kuagana Mzee Kondo akasema kwamba naye atakwenda Ujiji kabla ya harusi, kukagua nyumba atakayoishi mwanawe. "Nitafika saa nne," akaongeza. "Saa nne yangu mimi."

Beberu na jogoo wakalipwa kwa pesa iliyotumwa na mama yake Yasini, ambaye ilibidi auze vitenge vyake vipya, vya harusi hiyo hiyo. Mfuko wa familia ukabaki mtupu. Nauli ya kuwarudisha wazee Dar siku ya harusi ikawa haipo tena. Bwana harusi atakwenda, mama yake atakwenda, basi. Mshenga, shangazi na rafiki wa marehemu wangesimuliwa.

Hilo ndilo lililomkaa Hamimu kooni. Posa yake ya kwanza kufika salama, na harusi yake asiione?

Ndiyo maana wakawahi uwanjani siku ya kurudi, wadai fidia kabla ya kuondoka. Na nafasi ya kudai ilikuwa tele, kwa sababu ndege ya kurudi nayo ilikuwa imechelewa.

Kwa watu wa Kwezi, Hamimu alianza upya. Kijana wa kaunta hakuinua macho. "Ilikuwa hali ya hewa, mzee. Hali ya hewa haina fidia. Anayefuata."

Anayefuata hakupata nafasi. Hamimu aligeuka, akawapa watu wa Kwezi mgongo na abiria uso, akaanza kusimulia. Alimwigiza Mzee Kondo akichokonoa meno. Alimwigiza beberu akiaga ndugu zake. Alijiigiza mwenyewe akitozwa jogoo, kinywa wazi. Watu wakaacha mabegi yao wakasogea, wa foleni hii na wa foleni ile, na kila aliyesogea naye akakumbuka siku yake. Mmoja alikosa mtihani, mwingine alikuta mazishi yameshapita. "Na mimi!" "Na mimi, mzee, waambie!" Ukumbi ukaanza kuchemka. Kijana wa kaunta akainua macho hatimaye, akaona, akafungua kile kimlango cha pembeni haraka. "Wazee wangu, tafadhali, pandeni juu kwa meneja. Tafadhali sana." Mdomo ukawa umefungua mlango.

Juu, Bwana Ndimbo meneja aliwapokea vizuri mno, jambo ambalo Hamimu, mtu wa safari nyingi, alilijua maana yake. Pole, poleni sana, tunawathamini sana, acheni namba ya simu, mtapigiwa kesho. Hamimu akaishiwa. Unamgombeza vipi mtu anayekubaliana nawe? Akaanza kuandika namba.

"Mimi sina simu," akasema Bi Mwamini, akaketi.

Simu alikuwa nayo, iko kwenye pochi, na ililia muda huo huo. Hakuipokea. Alikunja kanga yake vizuri magotini, akaegemea kochi la wageni.

"Mama, kesho..."

"Hiyo kesho yenu itanikuta hapa, mwanangu. Kusubiri mmenifundisha nyinyi."

Meneja akaenda kula, akarudi, yupo. Akaenda kuswali, akarudi, yupo. Akaleta mgeni mwingine, mgeni akakosa pa kukaa, akasimama mlangoni ameshika faili, naye Bi Mwamini akamwamkia na kumuuliza habari za watoto. Mara mbili Hamimu alimnong'oneza, "Dada, twende, tumeshindwa." Mara mbili hakujibiwa. Ukweli ni kwamba Hamimu alishatoka kwenda kunywa chai, na aliporudi aliona aibu kidogo kumkuta mama wa watu palepale, mgongo wima, hajanywa hata maji. Mwishowe meneja akavuta kiti chake, akaketi mbele yake kama mwanafunzi. "Haya mama. Tuzungumze." Kukaa kukawa kumemshika mtu asikimbie.

Ndipo Ntahondi, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno, akatabasamu.

"Bwana meneja, tulichelewa kwa nini?"

"Hali ya hewa, mzee wangu."

"Ahaa. Ya wapi?"

"Ya... Kigoma. Mvua."

"Kigoma tulikuwa tunakimbia jua, tunafuata kivuli cha ukuta. Tulichelewa kwa nini?"

"Basi itakuwa ya huku Dar."

"Sawa. Wenzenu wa shirika jingine walitoka Dar asubuhi ile, wakatua Kigoma, wakaondoka, tukiwapungia mkono. Tulichelewa kwa nini?"

"Mzee wangu, mambo ya kiufundi haya ni marefu."

"Tuna muda," akasema Ntahondi kwa upole, na Bi Mwamini akajiweka sawa kwenye kochi kuthibitisha. "Tulichelewa kwa nini?"

Meneja akatazama dirishani, akatazama mlango, akalegeza tai. "Ilikodishwa," akasema kwa sauti ndogo.

"Na nani?"

"Watu fulani. Walikuwa wanakwenda Mwanza." Akalegeza tai zaidi. "Kwenye harusi."

Beberu, jogoo, vitenge vya mama yake Yasini, vyote vimekwenda ili ngoma ya watu wengine ianze kwa wakati! Swali likawa limetoa ukweli, na ukweli ukishatoka meneja hana pa kuurudishia.

Akavuta droo. "Fidia ipo. Tiketi ya bure, kwenda na kurudi, aanzie Kigoma au Dar, shauri yenu. Nipeni jina kabla ya Ijumaa."

"Majina," akasema Hamimu.

"Jina. Mlikata kama kundi. Fidia ni moja kwa kila kundi." Akageuza kioo cha kompyuta wauone. "Hapa kuna maelezo ya ofisi yetu ya Kigoma. Mteja amesisitiza kuwa wao ni mtu mmoja."

Bi Mwamini na Ntahondi wakageuka polepole wakamtazama Hamimu.

Ndege ilipoamua kuondoka wakarudi nyumbani. Ujiji, uani kwa kina Yasini, ndipo walipolipuka.

"Bila mimi mngekuwa bado kwenye foleni," akasema Hamimu. "Nani aliyetufungulia mlango? Na jamani, ni harusi yangu ya kwanza kuiva!"

"Mlango ulifunguliwa ukaingia, halafu ukataka kutoka," akasema Bi Mwamini. "Ulikuwa unaandika namba ya simu, nimekuona. Yasini nimembeba mgongoni huyu. Nisimwone akiozwa?"

"Mama umekaa vizuri, sikatai," akasema Ntahondi. "Lakini ungekaa mpaka leo, wangekuletea chai na hali ya hewa. Mimi niliahidi kaburini kwa baba yake kwamba nitasimama mahali pake."

"Nawe ungemuuliza nani, kama mimi nisingemkalisha?"

"Na mngemkalisha wapi, kama mimi nisingewafikisha?"

Wakazunguka hivyo mpaka chai ikapoa. Yasini aliombwa aamue, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi mjini. Majirani wakagawanyika: wenye maneno mengi wakasimama na Hamimu, wenye subira na Bi Mwamini, na waliowahi kudanganywa na ofisi wakasimama na Ntahondi, nao walikuwa wengi. Ijumaa inakuja. Jina halijapelekwa. Na Hamimu, akiwa amelala macho juu, alijua kwamba haki ya kila mmoja wao ni sawa na yake, na ndilo lililokuwa linamuudhi kuliko yote.

Haya, niliwaambia mtaulizwa. Mdomo ulifungua mlango. Kukaa kukamzuia mtu. Swali likatoa ukweli. Ukiondoa kimoja, tiketi hakuna. Tiketi ni moja, harusi ni moja, na kila mmoja ana moyo juu yake. Je, wewe ungeandika jina la nani?

Fikirini taratibu. Ila pale uani kuna mtu hakufikiri. Mama yake Yasini, aliyeuza vitenge, alikuwa pembeni anachambua dagaa, hajainua kichwa tangu mabishano yaanze.

"Mwandikeni Mzee Kondo," akasema. "Si anakuja kukagua nyumba saa nne? Mpandisheni Kwezi. Beberu wangu atakuja naye."