Mwari Aliyekataa Kufutwa Mdomo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa maji, na juu ya maji ndege!

Hapo zamani za kale palikuwa na ziwa. Kila asubuhi mama ndege walikwenda kuvua ng'ambo, na vifaranga wakaachwa kwa Bibi Kiboko. Bibi alikuwa mlezi mwema, ila mdanganyika. Watoto walipoanza kupotea, akatoa amri: "Kila mama aniletee picha yake. Nitatazama picha, nitatazama uso. Visipofanana, simtoi mtoto."

Mpiga picha wa ziwa alikuwa Ngedere. Yeye hakupiga picha tu, aliitengeneza.

Akaja Bata Maji.

"Dada, shingo fupi hii. Niirefushe?"

"Irefushe, na weupe uniongeze."

Akaja Heroe, mwenye manyoya ya waridi.

"Dada, miguu hii vijiti. Niinenepeshe?"

"Inenepeshe."

Akaja Mwari, ndege mwenye mfuko chini ya mdomo. Ngedere akacheka mpaka akashika mkia wake.

"Mama, huo ni mdomo au gunia? Ngoja niufute."

"Usiufute."

"Niupunguze kidogo tu."

"Usiupunguze."

"Shoga," akasema Bata Maji, "utatutia aibu ukutani kwa Bibi Kiboko."

Mwari akainua shingo, akaimba:

*Mdomo ni wangu, mfuko ni wangu,*
*ndimo walamo watoto wangu.*
*Nipige picha nilivyo!*

Ngedere akanuna, akampiga alivyo. Picha zote zikatundikwa ukutani kwa Bibi Kiboko.

Siku moja Mbweha akapita na njaa yake. Akazitazama picha. "Huyu mweupe mwenye shingo ndefu, ziwani sijamwona," akasema. "Basi nitakuwa yeye."

Akajipaka chokaa. Akajifunga tete refu shingoni. Akabisha hodi.

"Shikamoo, Bibi. Nimemfuata mwanangu."

Kiboko akatazama picha, akatazama uso. "Marahaba. Weupe ndio huu, shingo ndiyo hii. Mchukue."

Mbweha akamshika kifaranga. Mara akina mama wakatua.

"Bibi, huyo ni mwanangu!" akalia Bata Maji.

"Wewe? Na kishingo hicho? Ondoka, mwizi."

"Bibi, mama yake ndiye huyu," akasema Heroe.

"Na wewe nani? Ukutani kwangu hakuna miguu kama hiyo."

Mwari akasogea mbele. "Na mimi, Bibi?"

Kiboko akatazama picha, akatazama uso. "Gunia ndilo hilo. Wewe ni Mwari."

"Basi niamini. Mgeni wako aoge kwanza."

Mwari akachota ziwa kwa mdomo ule ule uliochekwa. Akammwagia Mbweha, mwaaa! Chokaa ikachuruzika, tete likaanguka. Mbweha akamwachia kifaranga, akatimua mbio akidondosha matone meupe.

Bata Maji akamfunika mwanawe kwa bawa. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Ngedere.

"Nirudishie shingo yangu."

"Lakini dada, ile ndefu ilikupendeza."

"Ilimpendeza Mbweha."

Heroe naye akasimama nyuma yake, miguu yake myembamba imejikita matopeni. "Na vijiti vyangu," akasema.

Enyi mnaosikiliza, shikeni hili: ukijifanya usiyekuwa wewe, yeyote aweza kuwa wewe. Anayekucheka ulivyo, mwache acheke. Wewe baki ulivyo.

Hadithi yangu imefika ufukweni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.