Gari la Mwalimu Mghoi

"Kufika bandarini si kufika nyumbani." Hivyo ndivyo wakala alivyomjibu mwenzenu Wakesho leo asubuhi, Wakesho alipompigia simu kumwambia kwamba meli yenye gari aliloagiza imetia nanga. Nanyi mmecheka, mkauliza watu wa Mombasa waliyatoa wapi maneno hayo. Hayakutoka kwa watu wa Mombasa. Yalisemwa na mtu wa milima hii yetu ya Taita, na aliyemfanya ayaseme ni mimi, mjomba wenu Righa. Nitawaeleza yalivyoanza.

Miaka hiyo nilikuwa wakala wa forodha. Watu waliagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, nami nikiwatolea bandarini: najaza fomu, nalipa ushuru, nafuatilia namba za usajili. Kazi niliijua, na nilipenda watu wajue kwamba naijua.

Mwalimu Mghoi alikuwa binamu yangu, mjane aliyestaafu ualimu kule Mgange. Mwaka mmoja kabla, jirani yake alikuwa amekata roho njiani akipelekwa hospitali, amebebwa kwa kitanda mabegani mwa watu kwa kukosa gari. Mghoi alikuwa miongoni mwa waliobeba. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: gari ambalo viti vyake vya nyuma hulala, mgonjwa aweze kunyoosha mwili. Akauza kipande cha shamba alichoachiwa na mumewe, akaja ofisini kwangu Mombasa mwezi wa Oktoba.

Nilimwonyesha magari mawili kwenye kompyuta. Moja lilikuwa limebakiza mwaka mzima kufikia ukomo wa umri unaoruhusiwa na sheria. La pili lilikuwa limeufikia. Hilo la pili lilikuwa rahisi, na hata ushuru wake ulikuwa mdogo, maana ushuru hupimwa kwa thamani ambayo serikali imeliwekea gari la aina hiyo na la mwaka huo, si kwa bei uliyonunulia.

"Nichukulie hili ambalo halijazeeka sana," akasema. "Nitauza na ng'ombe wa maziwa."

"Dada, usiuze ng'ombe. Chukua la bei nafuu, yote yatapanda mlima sawasawa."

Akanitazama. "Halina tatizo lolote?"

"Halina."

Lilikuwa nalo. Sheria ya Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Lile gari lingepokewa hadi siku ya mwisho ya Desemba. Mwaka mpya ukiingia, mlango umefungwa. Niliijua sheria hiyo kama ninavyolijua jina langu. Lakini meli ilitarajiwa tarehe kumi na mbili Desemba, na sikuwa nimewahi kuona meli ikichelewa wiki tatu. Nikaona kumweleza ni kumtia hofu ya bure.

Meli ikapigwa na dhoruba, ikalazimika kuingia bandari ya nchi nyingine kutengenezwa. Krismasi ikapita. Mghoi alinipigia mara mbili, na mara zote mbili nikamwambia, "Iko njiani, dada." Ilitia nanga Mombasa tarehe tatu Januari.

Ningemwambia ukweli siku hiyo hiyo, labda leo ningekuwa na usingizi mzuri zaidi. Badala yake nilimpigia nikasema, "Meli imefika." Nilijidanganya kwamba nitaandika barua, nitaeleza habari ya dhoruba, nitasikilizwa. Asubuhi yake nilipeleka barua forodhani. Afisa aliisoma yote, akanirudishia, akanionyesha tarehe kwa kidole.

Niliporudi ofisini nikamkuta Mghoi mlangoni, pamoja na dereva wa kulipeleka gari nyumbani na wanawake wawili wa kijiji waliovaa leso mpya. Walikuwa wamekuja na godoro la kutandika nyuma ya gari.

"Ufunguo uko wapi?" akaniuliza huku akicheka.

"Dada, keti kwanza."

"Nimeketi kwenye basi tangu alfajiri. Sema."

Nikasema. Wale wanawake wakateremsha godoro chini.

"Hii sheria uliijua lini?" akauliza.

"Naijua siku zote."

"Hata siku ile nilipokuuliza kama lina tatizo?"

"Hata siku ile."

"Na jana, uliponiambia imefika?"

"Hata jana."

Angenitukana ningeshukuru. Aliwageukia wenzake, akawaeleza taratibu kama anayefundisha darasa la kwanza: "Gari limefika bandarini. Lakini kufika bandarini si kufika nyumbani. Twendeni tukatafute basi."

Kulirudisha Japani kulihitaji nauli ya meli ambayo hakuwa nayo, wala mimi sikuwa nayo. Gari likapondwa, kama sheria inavyotaka. Sikwenda kutazama.

Mvua za Aprili ziliponyesha, msichana mmoja wa Mgange aitwaye Shali alishikwa na uchungu, wakambeba kwa kitanda kama zamani. Shali alipona. Mtoto hakupona. Nilikwenda kwenye maziko, na Mghoi alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za safari, kama anavyoulizwa mgeni. Hakuniita ndugu yake tena hadi alipofariki.

Tangu hapo, kila mteja aliyeingia ofisini nilimweleza tarehe, umri wa gari na gharama zote kabla hajatoa chochote, kisha nikamwambia maneno ya Mghoi. Mawakala wengine wakayachukua. Sasa huambiwa hata mwanafunzi aliyepokea barua ya chuo, hata bwana harusi aliyekubaliwa posa.

Kwa hiyo, Wakesho, yule wakala hakukukejeli. Alikuambia mapema jambo ambalo mimi nilimnyima dada yangu. Mpigie tena, umuulize kila kitu, wala usione aibu kuuliza mara mbili. Kufika bandarini, wanangu, si kufika nyumbani.