Kijiti cha Nje cha Nungunungu

— Paukwa!

— Pakawa!

— Kaeni vizuri. Na wewe Mshindo, acha kuchokonoa moto.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakipika kama sisi, palikuwa na Nungunungu, mpika togwa. Aliimimina kwenye vibuyu vyake, majirani wakachukua, wakanywa. Kila kibuyu kilikuwa na kamba shingoni, na kilijua kuimba:

*Mimi wa nani? Wa Nungunungu!*
*Nirudi wapi? Nirudi kwetu!*

Binti yake akaposwa. Siku ya harusi ikafika, na asubuhi mama mkwe akatuma neno: "Wageni wangu wasipopata togwa, tunarudi na bwana harusi wetu."

Togwa ilikuwa tayari, mtungi umejaa. Nungunungu akageukia uchaga wa vibuyu. Mtupu.

Akaenda kwa Ngiri. Vibuyu vimejaa mpaka mlangoni, vyote vitupu, vyote vinaimba.

— *Mimi wa nani? Wa Nungunungu!*

— Vizuri, watoto. Nungunungu akauliza, "Bwana Ngiri, hivi husikii?"

"Nasikia, mama. Ila cha mtu sikigusi."

Akaenda kwa Pimbi. Huko navyo vimejaa.

"Nilijua utavifuata," Pimbi akasema.

"Nipike mimi, nimimine mimi, nitembee mimi! Virudi kwangu sasa hivi!"

— Wakarudisha?

— Wakarudisha, Mshindo, na balaa ikaanzia hapo. Waliingia jikoni bila hodi. Nungunungu anyoosha mkono kuchukua kibuyu, Ngiri anyoosha wake kuweka. Mikono ikagongana, vibuyu vikaanguka, pu! Nungunungu akaokota kimoja, akakiweka chini, akaanza kumimina. Pimbi akakisogeza apate pa kuweka chake. Togwa ikamwagikia miguu ya Nungunungu.

"Pimbi!"

"Natafuta nafasi, mama."

"Nafasi iko nje!"

Akawatoa wote, akatia komeo. Sasa mtu apige hodi, aingie mmoja mmoja.

"Hodi!"

Akaweka upawa chini, akafungua, akapokea kibuyu kimoja, akafunga, akakiweka uchagani. Akashika upawa.

"Hodi!"

Akaweka upawa, akafungua, kibuyu kimoja, akafunga. Akashika upawa.

"Hodi!"

"Nani tena?"

"Mimi Ngiri. Nilisahau kukupa pole ya miguu."

Chekeni, chekeni. Nungunungu hakucheka. Jua lilikuwa linashuka, foleni mlangoni ndefu, na togwa imeanza kuchachuka mtungini.

"Asibishe mtu!" akapiga kelele. "Atakayebisha, miiba yangu anayo!"

Nje, Pimbi alikuwa na kibuyu mkononi. Kubisha aliogopa. Kuondoka nacho aliogopa zaidi. Akaona kijiti kimejitokeza ukutani, akakitundika kibuyu hapo. Kikaimba kidogo, kikanyamaza.

Ngiri akaja na chake. Kijiti ni kimoja, na kimeshashikwa. Akatundua cha Pimbi, akakifunga kwenye kamba ya chake, akatundika chake. Pimbi akarudi na kingine, akafanya vilevile. Kila kibuyu kikamshika mwenzake aliyemtangulia. Hakuna hodi, hakuna kugongana.

Ndani, Nungunungu alimimina bila kuinua kichwa mpaka vibuyu vya uchagani vikaisha. Akafungua mlango, ameshapandisha miiba, yuko tayari kugomba. Akaviona.

— Achukue kimoja!

— Kimoja, halafu atoke tena, agongane na Ngiri hapo hapo? Hapana. Alitundua kile cha juu tu, na vyote vikamfuata ndani, kimoja nyuma ya kingine, vikiimba:

— *Nirudi wapi? Nirudi kwetu!*

— Kijiti kikabaki kitupu, kikingoja mwingine. Togwa ikamiminwa yote kabla haijawa kali, na binti akaolewa.

Mama mkwe mwenyewe alikunywa, akapangusa mdomo, akaja mpaka mlango wa jikoni na kibuyu chake kitupu. "Mkwe, hiki nikiweke wapi?"

Nungunungu hakugeuka. "Nje."

Mama mkwe akaenda kutundika.

Basi, watoto: cha mwenzio ukikimaliza, kirudishe, lakini usimwingilie jikoni. Ngano yangu nimeitundika hapo kijitini. Mwenye kuitaka aichukue yote kwa mkupuo mmoja.