Kipepeo wa Kwanza wa Mzee Pansok

Mwishoni mwa Machi theluji ya Mlima Jiri ilikuwa imebaki vipande vipande, kama kichwa cha mzee aliyenyolewa na mjukuu, na miti ya sansuyu ilikuwa imetoa maua ya manjano kabla ya majani. Kwa miaka kumi na tisa, majira hayo ya machipuko yaliwakuta Mzee Ok Pansok na jirani yake, Ma Dokchil, wakitembea kila asubuhi kando ya kijito wakitafuta ndege na vipepeo. Walikuwa chanda na pete, ingawa Dokchil alikuwa mwongo wa kutupwa. Aliwahi kuapa kwamba alimwona kigong'ota akigonga nguzo ya umeme mpaka kijiji kizima kikakosa taa.

Mwaka huo Pansok hakutoka. Mkewe, Bunnye, alikuwa amelazwa mjini, akingoja kupasuliwa moyo siku ya Alhamisi. Na kule kwao kila mtu anajua: kipepeo wako wa kwanza wa mwaka akiwa wa manjano, umepata heri, akiwa mweupe, utavaa nguo za msiba. Njia ya kwenda kituo cha basi ilikatiza bustani za haradali, na humo weupe walikuwa wametapakaa kama pamba iliyopeperushwa. Pansok akabandika magazeti kwenye vioo vya madirisha, akajifungia.

Bunnye alipiga simu mara tatu. “Baba Misuk, nataka nikuone kabla sijaingia.”

Mara zote tatu mzee alisingizia goti.

Alhamisi, jua likichomoza, Dokchil aligonga mlango kwa kiwiko. Suruali yake ilikuwa imechanika, matope yamempanda hadi magotini, na kofia ameikumbatia kifuani.

“Kaka, vaa viatu. Basi haliwangoji waoga.”

“Nikimwona mweupe je? Nimuue mke wangu kwa macho yangu mwenyewe?”

“Na akitazama mlangoni asikuone, hilo utaliitaje? Fumba macho. Shika mkia wa koti langu.”

Wakaondoka hivyo, Pansok amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa chungu. Hua alilia upande wa kijito. Kisha ikasikika ko-ko-ko juu mtini.

“Huyo si kigong'ota?”

“Ndiye. Siku hizi anagonga miti, amestaarabika.”

“Na weupe, wapo?”

“Wapo. Tangu Jumatatu nimeshawaona ishirini na saba. Wote nimewachukua mimi.”

Pansok alisimama ghafla. “Wewe una wazimu. Misiba ishirini na saba?”

“Mke nilishamzika, watoto sikujaaliwa. Itamwendea nani?”

“Mimi nipo.”

Dokchil alimvuta waendelee na safari. “Basi na wewe usife,” akasema. “Utaniaibisha.”

Walipofika kituoni alimwambia afumbue macho. Akainua ukingo wa kofia taratibu. Kipepeo wa manjano alitokeza, akajinyoosha mabawa kama aliyeamshwa usingizini, akaruka. Wa rangi hiyo walikuwa wamechelewa bondeni. Dokchil alikuwa amewasaka siku tatu kwenye miteremko, na magoti yake ya miaka sabini na miwili.

“Uliniambia unakwenda kung'oa jino,” Pansok alisema, machozi yakimlengalenga.

“Mimi mwongo, kaka. Umesahau?”

Hospitalini walimkuta Bunnye tayari yuko juu ya kitanda cha magurudumu. Pansok alimshika mkono akamnong'oneza, “Nimemwona wa manjano.”

Bunnye alicheka kidogo. “Mimi nilimwona mweupe, Jumatatu, pale dirishani. Alikuwa mzuri sana. Lakini niliyekuwa namngoja ni wewe.”

Akaingizwa ndani akitabasamu. Saa tano zilipita kabla daktari hajatoka kusema kwamba moyo umeitikia vizuri. Pansok aligeuka ampe Dokchil habari, akamkuta amelala kitini, kinywa wazi. Akapiga magoti, hilo hilo goti alilolisingizia, akamvua viatu vyenye matope na kuviweka ukutani kwa adabu, kama viatu vya mgeni wa heshima.

Mwaka ule Pansok alishukuru kwa mengi, ila hakumshukuru kipepeo. Alijua vema ni nani aliyemfikisha kwenye kitanda kile. Hakika, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.