Kwa Nini Chungu Hakiepuliwi Jikoni Kwetu

Mnaniuliza kwa nini naongeza maji kwenye chungu hali sote tumeshiba. Kaeni basi, nami nipumzishe mgongo.

Enzi za mabibi wa mabibi zetu, huku milimani aliyeua mtu hakuwa na pa kukimbilia. Ndugu wa marehemu walimtoa hata uvunguni mwa kitanda cha mama yake. Waliogopa mwiko mmoja tu: chungu kikiwa motoni, hakuna aliyeruhusiwa kukitikisa ila mwanamke aliyekiinjika. Moto ukizimika, mwiko nao umekwisha.

Siku moja Mrutu aligombana na jirani kwa ajili ya zamu ya maji ya mfereji. Akampiga mpini wa jembe, jirani akafa. Mrutu akakimbilia jikoni kwa mjane mzee, Nakijwa, aliyekuwa akichemsha maharage, akalishika figa moja kwa mikono miwili, akaungua na asiliachie. Nyuma yake akafika Kiondo, mdogo wa marehemu, na panga. Kumvuta Mrutu kungetikisa chungu. Kiondo akaketi mlangoni.

"Yakiiva utaepua, bibi," alisema. "Nami nitamchukua."

"Bado hayajaiva," Nakijwa alijibu, akaongeza maji.

Msidhani alimpenda Mrutu. Alikuwa amemzika mume na wana wawili kwa ugomvi kama huo, na alichoka kuchimba makaburi. Basi akachochea moto siku ya kwanza, akachochea ya pili. Maharage yakawa urojo, macho yakamvimba kwa moshi, naye akaongeza maji.

Siku ya tatu kuni zikaisha. Nakijwa hakuwa na nguvu hata ya kusimama. Wote watatu wakatazama makaa yakififia, na Mrutu akaanza kulia kimyakimya. Ndipo Kiondo akainuka, akatoka. Akarudi na mzigo wa kuni, akautua miguuni pa yule mzee.

"Nimechoka, bibi," alisema. "Sijalala tangu kaka afe."

"Hata mimi, mjukuu wangu."

Nakijwa akajikokota, akamtandikia ngozi kando ya moto, Kiondo akalala. Alipoamka uchungu alikuwa nao bado, ila panga hakuligusa. Wakala ule urojo wa maharage, kisha wakaenda kwa wazee. Mrutu akahukumiwa kumlimia mama wa marehemu maisha yake yote, na akalima.

Na tangu siku hiyo jiko letu hili, ndilo lile la Nakijwa, halina komeo, na chungu hukaa motoni hata kama ni maji matupu. Anayeshika figa haguswi mpaka anayemfukuza apate usingizi. Miaka arobaini naongeza maji haya, wajukuu zangu, na hajaja mtu. Nimechoka kweli. Lakini kila nikitaka kuacha, namwona mtu anaingia mbio na kukuta mafiga ya baridi.

Lete kuni, Namkunda. Moto unafifia.