Ukurasa wa Paa la Soko

Mvua iliponyesha, mafundi wa soko kuu walifunika cherehani zao kwa nailoni kabla ya kujifunika wenyewe. Paa lilikuwa limetoboka kama chekecheke. Hata hivyo, mwaka wa tatu huo, kila mwenye cherehani alitozwa ushuru wa kukarabati paa hilo hilo.

Siku moja maji yaliharibu gauni la arusi ambalo mshonaji mmoja, mjane mwenye watoto wawili, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kulitarizi. Bibi arusi alilia. Mshonaji hakulia. Alichukua risiti zake za ushuru, akaenda halmashauri.

"Fedha za paa zimefanya kazi gani?" alimwuliza karani.

"Mama, njoo Jumatatu."

Jumatatu akaja, mkubwa yuko safarini. Jumatatu ya pili, faili halionekani. Ya tatu, aandike barua. Akaandika. Wifi yake, aliyeuza vifungo kando yake, akamwonya, "Wifi, serikali ina mkono mrefu. Unajipalia makaa!"

"Kodi siikatai, wifi," akajibu huku akitunga uzi sindanoni. "Kodi ndiyo inayosomesha wanangu. Ninachokataa ni kulipia paa halafu nikalowa."

Jumatatu ya saba karani mwenyewe alichoka kusema uongo. Akamnong'oneza kwamba kikao cha bajeti huwa wazi kwa kila mlipa kodi. Mshonaji akaenda, akasimama, akaomba jambo moja tu: ukurasa wa matumizi ya ushuru usomwe. Mwenyekiti akacheka, akafunga kikao.

Kikao kilichofuata alikuja na wifi yake na mafundi wanne. Cha tatu, safu nzima ya cherehani ilifungwa, ukumbi ukafurika hadi mlangoni. Hakuna aliyepiga kelele. Walitulia kama maji mtungini, wakisubiri.

Mwenyekiti akakosa pa kutokea. Ukurasa ukasomwa: ushuru wa paa ulikuwa umejenga ukumbi huo wa mikutano, pamoja na viti vyake vya sponji.

"Kumbe tumekalia paa letu!" wifi akamaka, na watu wakaangua kicheko kichungu.

Kabla ya jua kutua madiwani walipiga kura: ushuru usitishwe, soko liezekwe kwanza. Mwezi uliofuata mabati mapya yakapigiliwa. Mshonaji hakuwa na cheo wala jamaa mkubwa. Alikuwa na miguu yake na Jumatatu zake tu. Hakika, bandu bandu huisha gogo.